Fedheha Isiyo na Mkosaji

Mgonjwa wa kwanza ambaye habari zake ziliyapa maradhi ya Alzheimer jina lake alikuwa mwanamke wa Kijerumani, Auguste Deter, aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt mwezi wa Novemba mwaka 1901, naye akiwa na umri wa miaka 51. Na wengi waliopata kusoma juu yake hukumbuka jinsi alivyoshindwa kuliandika jina lake mwenyewe, na jinsi alivyomwambia tabibu kwamba amejipoteza. Linalosahauliwa ni kwamba dalili ya kwanza iliyoonekana kwake haikuwa kusahau. Ilikuwa wivu. Alianza kumshuku mumewe, na Alois Alzheimer, aliposimama mbele ya matabibu wenzake mjini Tübingen mwaka 1906, miezi michache baada ya bibi huyo kufariki, aliutaja wivu huo mwanzoni mwa maelezo yake. Basi maradhi haya, tangu yalipoingia katika vitabu vya utabibu, yaliingia kwa mlango wa chumba cha ndoa. Walakini sisi tunaoyazungumza leo, redioni na katika semina, tunayazungumza kana kwamba ni maradhi ya funguo zilizopotea na majina ya wajukuu yaliyosahauliwa tu, na mlango ule tumeutia komeo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia, ndilo jina la jumla la maradhi haya yanayokula akili, ambayo Alzheimer ni aina yake iliyoenea kuliko zote. Na zaidi ya sita katika kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu, ambako mgonjwa hubaki nyumbani mikononi mwa mke, binti au mkaza mwana. Katika nchi za Magharibi aghalabu hufika siku ambayo nyumba hushindwa, mzee akapelekwa katika makao ya kulelea wazee, akapewa kitanda, kabati na chakula cha saa maalumu, na kuanzia siku hiyo mwili wake huoshwa, huvishwa na kugeuzwa na watu ambao hakupata kuwaona maishani mwake.

Miongoni mwa watu hao wamo ndugu zetu. Katika miji kama Lowell na Worcester, jimboni Massachusetts, ambako jamii ya Wakenya ni kubwa, kazi ya uuguzi msaidizi, ambayo wenyewe huiita kwa herufi zake tu, CNA, ndiyo iliyomlipia karo mtoto wa fulani huko Thika na kumjengea mama wa fulani nyumba ya mawe huko Kisii. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1987 iliamuru kwamba mafunzo ya kazi hiyo yasipungue saa 75, na katika saa hizo mwanafunzi hufundishwa kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kumwosha, kumlisha, kupima mapigo ya moyo na kunawa mikono. Lakini juu ya mzee anayemshika mhudumu kifua pale anapoinama kumfunga kamba za viatu, husemwa machache, na hayo machache husemwa haraka.

Ilhali mambo hayo si nadra. Mzee aliyekuwa shemasi kanisani kwake hutoa matusi ya nguoni tangu asubuhi hadi jioni kwa kinywa kilichokuwa na staha miaka themanini. Bibi aliyekuwa mwalimu huvua nguo zote sebuleni mbele ya wageni wa Jumapili. Mwingine hujichua mchana kweupe penye meza ya chakula, mwingine huingia usiku katika kitanda cha jirani yake, na mwingine hangoji ila saa ya kuogeshwa ili amvute mhudumu kwake. Watoto wa wazee hao wanapopewa habari hutahayari kiasi cha kutamani ardhi iwameze, wengine wakakataa kuamini, wengine wakasema maneno ambayo nimeyasikia kwa lugha zaidi ya moja: kwamba sasa ndiyo tumemjua baba yetu alikuwa mtu gani. Hukumu hiyo ni ya dhuluma, na makala haya yameandikwa kwa ajili ya kuipinga. Kwani kinachoonekana hapo si siri ya moyo iliyofichwa maisha yote ikapata upenyo, bali ni mtu aliyenyang'anywa vile vyombo vya akili ambavyo kila mmoja wetu hutumia, kila siku na pasipo kujisifu, kuyaficha yaliyomo ndani yake.

Vyombo hivyo matabibu wanavijua mahali vilipo. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayopima tendo kabla halijatendwa, ikauliza ni mahali gani hapa, ni nani aliyeketi pale, na itakuwaje baadaye. Na iwapo sehemu hiyo imeliwa na maradhi, haja hubaki na mizani huondoka. Ipo aina ya dimenshia inayoanzia huko mbele, ambayo Arnold Pick alianza kuieleza mjini Prague mwaka 1892, na mgonjwa wake huenda akawa na miaka hamsini na kitu tu, anakumbuka tarehe, anahesabu fedha sawasawa, lakini haya imemtoka, hata mkewe akadhani kwamba amepata mwanamke mwingine au ameanza ulevi. Heinrich Klüver na Paul Bucy, mjini Chicago mwishoni mwa miaka ya 1930, walikata sehemu za kando za ubongo wa kima na kuwaona wanyama hao wakitaka kukipanda kila kilicho mbele yao. Zaidi ya hayo, zipo dawa wanazopewa wenye maradhi ya Parkinson, za jamii ya pramipexole na ropinirole, ambazo kwa baadhi ya watu huwasha tamaa ya kamari, ya kununua vitu na ya kujamiiana. Na tabibu anapozipunguza, mtu aliyekuwa ameitwa mpotovu hurudi katika murua wake. Ni watoto wangapi waliomlaani mzazi wao kwa kosa la kidonge?

Tena mengi yanayodhaniwa kuwa ni ya ashiki si ya ashiki hata kidogo. Bibi anayevua nguo huenda anaona joto, au kiuno cha sketi kinambana, au nepi imelowa na lugha ya kuomba msaada imemtoka, akabakiwa na njia moja tu ya kuondoa kinachomkera. Mzee anayejishikashika huenda ana mwasho wa fangasi, maambukizi ya njia ya mkojo, tezi dume iliyovimba au choo kilichofunga siku nyingi. Yule aliyeingia kitanda cha jirani yake usiku amelala ubavuni pa mkewe kwa nusu karne, na katika ushoroba ule wenye milango kumi na minane inayofanana, anatafuta mgongo aliouzoea. Na hapo ndipo wahudumu wetu kutoka Afrika Mashariki wanapokutana na mtego ambao wenzao Wamarekani hawaujui. Kwetu babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na bibi humwita wa kiume mume wangu, wala hapana anayeshtuka, kwa kuwa ni utani ambao mipaka yake inajulikana na pande zote mbili. Kwa hiyo mzee wa Kimarekani anapomwita mhudumu mke wangu siku ya kwanza, mhudumu hucheka na kuitikia, akidhani amepata babu ugenini. Lakini mzee yule hatanii. Anamwona mkewe aliyefariki, na itikio lile tamu limemthibitishia. Na mkono utakaofuata kesho yake kiunoni mwa mhudumu, kwake yeye ni mkono wa halali. Lililo salama ni kulikataa jina hilo kwa upole tangu mwanzo, bila ya kumkemea wala kumpa darasa la tanzia ya mkewe: mimi ni muuguzi wako, bwana, nimekuja kukusaidia kuvaa.

Kwa sababu hiyo matibabu ya kwanza ni kalamu. Makao yaliyo na utaratibu huandika kila tukio kwa sehemu tatu, yaliyotangulia, yaliyotendeka na yaliyofuata, pamoja na saa, mahali na watu waliokuwapo. Na huandika kwa maneno ya wazi. Daftari linalosema kwamba mzee fulani alikosa adabu halimsaidii mtu yeyote, maana adabu ya mwandishi siyo adabu ya msomaji, na tabibu atakayelisoma wiki ya pili hatajua kama mzee alitukana, alivua shati au alimvamia mtu. Daftari linalosema kwamba saa moja na robo jioni, sebuleni, alifungua zipu ya suruali, naye alikuwa hajapelekwa msalani tangu alasiri, limekwisha kutaja na dawa yake. Haya ya mwandishi, iliyo sifa njema mahali pengine pote, hapa humdhuru mgonjwa. Na nakiri kwamba katika lugha yetu ni vigumu kuyaandika mambo haya pasi na kuanguka ama katika matusi ama katika mafumbo, lakini ugumu huo ni wa kushindwa nao mara chache tu, kisha ulimi huzoea.

Baada ya kalamu hufuata ustadi wa mikono, na huo ni mwingi kuliko watu wanavyodhani. Mhudumu hubisha hodi hata kama anajua hatajibiwa. Humwendea mgonjwa kwa mbele, si kwa nyuma. Humwambia anachotaka kufanya kabla ya kukifanya. Humfunika taulo mapajani wakati wa kumwosha, akifunua sehemu moja baada ya nyingine. Na zinapofika sehemu za siri, humtia kitambaa mkononi ili ajisafishe mwenyewe kadiri awezavyo, kwani mkono wa mgeni mahali pale hufahamika kwa namna mbili tu, ama ni wa mpenzi ama ni wa adui, na akili iliyochoka haiwezi kubuni namna ya tatu. Kwa mzee anayewavamia wanawake hupangwa mhudumu wa kiume, au wahudumu wawili kwa pamoja. Tendo linapotokea, uso hautabasamu wala haukunjwi. Maneno huwa machache na sauti huwa ya chini. Mzee huongozwa chumbani kwake na mlango hufungwa, na kama alilotaka ni kujistarehesha peke yake, basi ndani ya chumba chake hilo si ugonjwa na halimhusu mtu. Zipo pia nguo zinazofungwa mgongoni, ambazo mgonjwa hawezi kuzivua hadharani. Hizo zina manufaa yake, walakini mimi sizipendi, kwa sababu mtu aliyefungwa nguo asiyoweza kuifungua, na asiyepelekwa msalani kwa wakati, amefungwa gerezani ndani ya mwili wake, na uvivu wa kumwangalia umepewa jina la sitara.

Lakini kubwa kuliko hayo yote, kwa maoni yangu, ni njaa ya kuguswa. Mkazi wa makao hushikwa mara nyingi kwa siku kuliko watu wengi, ila hushikwa kwa kusafishwa tu, kwa mikono iliyovaa glovu, na watu wenye haraka. Hapana anayemshika bega kwa kumwuliza hali, hapana anayemchana nywele kwa kuzipenda. Makao mengi yameona kwamba mzee anayekandwa mikono kwa mafuta kila alasiri, au aliyewekewa paka mapajani, au anayechezeshwa muziki wa ujana wake akashikwa mkono katika dansi, hupunguza kuwakamata watu. Hapa ashiki na upweke vimevaa nguo moja, na anayetaka kuvitenganisha kwa nguvu atachana zote mbili.

Juu ya dawa nitasema kwa ufupi, maana ufupi ndio unaozifaa. Zimejaribiwa dawa za huzuni, ambazo hupunguza hamu. Zimejaribiwa homoni zinazozima nguvu za kiume. Zimejaribiwa dawa za wagonjwa wa akili zinazomlaza mtu. Na mengi yanayojulikana juu ya hizo zote yametokana na taarifa za mgonjwa mmoja mmoja, si majaribio makubwa yenye kulinganisha. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2005, kisha ikalipanua mwaka 2008, kwamba dawa za wagonjwa wa akili huongeza vifo kwa wazee wenye dimenshia. Hata hivyo bado hutolewa, na aghalabu hutolewa zamu ya usiku, pale ambapo wahudumu wawili wameachiwa wagonjwa thelathini. Na katika hali hiyo sijui kama aliyepewa dawa ni mgonjwa au ni upungufu wa wafanyakazi.

Sasa nimfikishe msomaji mahali pagumu zaidi, ambapo hakuna ugonjwa wa kutibu wala kosa la kuzuia, bali kuna watu wawili wazima wanaotakana. Katika mtaa wa Riverdale, huko Bronx, jijini New York, yapo makao ya wazee yajulikanayo kama Hebrew Home, kando ya mto Hudson. Mwaka 1995 muuguzi mmoja aliwafumania wakazi wawili wakijamiiana, akaenda kumwuliza mkuu wake, Daniel Reingold, afanye nini. Naye akamjibu atoke kwa kunyata na aufunge mlango asije akawasumbua. Baada ya jibu hilo makao hayo yaliandika kanuni zinazokiri kwamba wakazi wake wana haki ya mahaba na faragha, na hata wale wenye dimenshia hawakutengwa moja kwa moja, ila hutazamwa kama wanaridhia na wanafahamu. Kanuni hizo zilisifiwa na kulaumiwa, na lawama hazikukosa hoja: ridhaa ya nani, na itapimwaje, kwa mtu asiyejua leo ni siku gani? Jibu lililotolewa na wenye hekima ni kwamba kutojua siku si sawa na kutojua unachokitaka. Mtu aweza kulisahau jina la aliyeketi naye, lakini akamkimbilia kwa furaha kila amwonapo, na akamkwepa mwingine kila amwonapo. Na mhudumu mwenye macho husoma ridhaa katika mwili, katika mkono unaonyooshwa au unaorudishwa nyuma, na huirudia kusoma kila siku, kwani ridhaa ya jana haitoshi kwa leo.

Hapo ndipo inapofaa kumtaja Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, aliyestaafu mwaka 2006 kwa kuwa mumewe, John, alikuwa amepatwa na Alzheimer naye alitaka kumwuguza. Baadaye John alipelekwa katika makao mjini Phoenix, na huko akaangukia penzi la mkazi mwenzake wa kike, wakawa wanaketi wameshikana mikono. Mtoto wao, Scott, aliieleza habari hiyo katika televisheni ya mji huo mwezi wa Novemba 2007, akasema kwamba mama yake hakuona wivu. Alifurahi kuona kwamba mumewe, aliyekuwa na huzuni kubwa alipoingia, sasa ametulia. Sitamtaka kila mke afikie daraja hiyo. Kuna wake ambao wameuona mkono wa mume wao ndani ya mkono wa mwanamke mwingine wakageuka wasirudi tena, na makao yanayowaambia kwamba ni maradhi tu, usijali, yamewafanyia ukatili wa pili.

Upande wa pili wa mzani yupo Henry Rayhons, aliyekuwa mjumbe wa bunge la jimbo la Iowa, aliyefunga ndoa na Donna mwaka 2007, wote wawili wakiwa ni wafiwa. Bibi akapatwa na Alzheimer. Mwaka 2014 akatiwa katika makao ya wazee katika mji mdogo wa Garner. Na mwezi wa Mei wafanyakazi wa makao, baada ya kumpima akili, wakamwambia mume kwamba mkewe hana tena uwezo wa kuridhia tendo la ndoa. Siku chache baadaye alishukiwa kuwa amelitenda. Bibi alifariki mwezi wa Agosti, na mume, mzee wa miaka 78, akakamatwa juma moja baada ya kifo chake, akashtakiwa kumdhulumu kijinsia mkewe mwenyewe. Mwezi wa Aprili 2015 baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia. Kesi hiyo iliwagawanya wanasheria wa nchi nzima, na kwa msomaji wa Kiswahili, ambaye katika mila na dini yake ndoa ni mkataba wenye haki zinazotajwa waziwazi, huenda mashtaka yale yakaonekana ni upuuzi mtupu. Mimi siyaoni hivyo. Nayaona ni matunda ya uamuzi wa haki uliopewa chombo kisichofaa: karatasi ya mtihani wa kumbukumbu, yenye maneno matatu ya kukariri, ikafanywa kuwa mizani ya kupimia kama mke anamtaka mumewe.

Hata hivyo, aliyesoma hadi hapa asije akadhani kwamba yote yaishia katika huruma kwa mtendaji. Tume ya kifalme ya Australia iliyochunguza malezi ya wazee, na kutoa taarifa yake ya mwisho mwaka 2021, ilielezwa kwamba tuhuma za mashambulio ya kijinsia katika makao ya nchi hiyo zaweza kufika hamsini kwa wiki. Hiyo ni idadi ya kutisha, na nyuma yake wapo mabibi walioamka usiku na kumkuta mtu juu yao, wasiweze kupiga kelele, na asubuhi wasiweze kusimulia. Kwamba mtendaji hajui alitendalo kunamwondolea hatia, lakini hakumwondolei aliyetendwa maumivu yake, na mwili wa asiyekumbuka huendelea kukumbuka: bibi ataogopa kuogeshwa, ataacha kula, atalia jua linapotua, na hakuna atakayejua ni kwa nini. Ndiyo maana kanuni za shirikisho la Marekani huyataka makao yaitoe habari ya tuhuma kama hiyo kwa wenye mamlaka ndani ya saa mbili. Mtendaji hutengwa mara moja, huwekewa mlinzi wa kumfuata, huhamishwa chumba, na pengine huhamishwa makao. Aliyetendwa huchunguzwa na tabibu, na jamaa zake huambiwa ukweli siku hiyo hiyo. Neno "ni ugonjwa tu" ni faraja likisemwa kwa mke wa mgonjwa. Likiandikwa katika daftari la uchunguzi ni kuficha jinai.

Na mhudumu mwenyewe je? Huyu ni mwanamke, mara nyingi mgeni katika nchi, mwenye zamu mbili kwa siku na karatasi za uhamiaji zisizokamilika, ambaye ameshikwa matiti asubuhi na ameitwa kwa jina la rangi yake jioni, na anayeambiwa na msimamizi kwamba hayo yamo ndani ya kazi. Hayamo. Yaweza kuwa hayaepukiki kwa ukamilifu, lakini ni wajibu wa mwajiri kuyaandika, kumbadilishia zamu anayeomba, na kumsikiliza bila ya kumcheka, na ninawanasihi wanaokwenda kazi hizo wajue kwamba kueleza si kumshtaki mgonjwa, na kunyamaza si kumsitiri.

Kwetu Afrika Mashariki makao ya wazee ni machache, kama yale ya Sebleni na Welezo kisiwani Unguja, au Mji wa Huruma jijini Nairobi, na idadi kubwa ya wagonjwa wa dimenshia wako nyuma ya milango ya nyumba zao. Humo maelezo ni tayari kabla ya ugonjwa: ajuza anayesema ya chumbani huambiwa ana jini mahaba, shaibu anayemshika mkwewe huambiwa amerogwa au ameharibika uzeeni, na katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, tuhuma ambazo mwenendo wowote wa ajabu huzitilia kuni. Mawili katika habari za nyumbani hayastahili kungojea utafiti. La kwanza, mzee aliyepotewa na haya asiachwe peke yake na watoto, hata akiwa babu mpole aliyewalea wote. Wala jambo hilo si tusi kwake, ni kumlinda na tendo ambalo kama akili zake zingekuwapo angelichukia kuliko sisi. La pili ni mke. Mume aliyesahau kwamba alilala na mkewe nusu saa iliyopita humjia tena, na tena, usiku kucha, na mke huyo, mwenye umri wa miaka sabini, huambiwa na mashangazi astahimili kwa kuwa ndoa ni subira. Ana haki ya kukataa, na ana haki ya kulala chumba kingine na kufunga mlango, na shehe au padri anayemwambia vinginevyo hakuulizwa, wala siye anayeamka saa nane za usiku.

Linalonishangaza ni kwamba Waswahili wa Pwani hawakuwa mabubu katika mambo haya. Walikuwa na somo na kungwi, wanawake watu wazima walioaminiwa kuyataja ya unyumba kwa majina yake, mahali pake na kwa kipimo chake, bila ya kuonekana kuwa wamevua staha; na binti hakuingia nyumba ya mumewe bila ya kupita mikononi mwao. Makao ya wazee, ya huku na ya ng'ambo, hayana mtu wa namna hiyo. Fomu ya kumpokea mgonjwa huuliza sukari, presha, meno ya bandia na chakula asichokula. Haiulizi alizoea kulala peke yake au na mtu, na upande gani wa kitanda. Haiulizi kama alipenda kuguswa au alikuwa mtu wa kujitenga. Haiulizi kama aliwahi kudhulumiwa utotoni, jambo ambalo lingeeleza kwa nini anapiga ngumi anapovuliwa nguo. Wala haiulizi ni jina gani la mahaba aliloitwa na mkewe, ili wahudumu walijue na wasilitumie. Maswali hayo hayazidi nusu saa, na anayefaa kuyauliza ni mwanamke mtu mzima, akiketi na mke wa mgonjwa faraghani, watoto wakiwa wameambiwa wakangoje nje, siku ile ile ya kupokewa kabla ya kusainiwa karatasi.